Baiskeli ya Umeme Isiyomtesa Mzee: Namna ya Kuirekebisha kwa Njia za Tabora

Tabora ni mji wa baiskeli tangu zamani. Ardhi yake ni tambarare, mitaa yake mingi inapitika kwa magurudumu mawili bila kupanda mlima wowote wa maana, na wazee wengi tulio nao leo walibebwa kwenye keria ya Phoenix kabla hawajapata baiskeli zao wenyewe. Kwa sababu hiyo, baiskeli ya umeme inapoingia nyumbani, mara nyingi ikiwa zawadi ya mtoto anayefanya kazi Dar es Salaam au Mwanza, hakuna anayefikiri kwamba baba au mama atahitaji kurekebishiwa chochote. Anapanda, mota inamsukuma, watu wanampigia makofi. Baada ya majuma machache baiskeli imeegeshwa ukumbini na kufunikwa khanga, na mzee akiulizwa anasema mgongo unamuuma, au vidole vinakufa ganzi, au kwa ufupi tu kwamba ile ni ya vijana.

Kwa kawaida mota haina kosa. Mota huziba upungufu mmoja tu, nao ni upungufu wa nguvu za miguu. Haiwezi kusahihisha kiti kilichofungwa vibaya, usukani ulio mbali na mwili, wala tairi lililojazwa upepo mpaka likawa gumu. Zaidi ya hapo, huyakuza matatizo hayo, kwa sababu mtu ambaye zamani angechoka baada ya kilomita tatu na kushuka kupumzika, sasa anakaa juu ya kiti hichohicho kibaya kwa kilomita kumi na zaidi, tena kwa kasi inayofanya kila shimo limpige kwa nguvu kuliko lilivyompiga alipokuwa akikanyaga mwenyewe. Kwa hiyo ninashauri kazi ianze na yale yasiyogharimu fedha, yaani kupima na kurekebisha kwa spana, kisha upepo wa tairi, na vifaa vya kununua vije mwisho. Wengi huanza kinyume chake: wananunua kiti kinene cha sponji siku ya kwanza na kugundua baadaye kwamba maumivu yapo palepale.

Kupanda na kushuka

Baiskeli nyingi za umeme zina uzito wa kati ya kilo 20 na 30. Uzito huo hausikiki ikiwa inakwenda. Husikika inaposimama na kuanza kulalia upande mmoja. Kwa mtu wa miaka sabini hofu huanzia hapo, na hofu ndiyo inayokaza mabega na viganja njia nzima hata mahali pasipo na hatari yoyote.

Fremu yenye bomba la juu lililonyooka, ambayo wengi huiita baiskeli ya kiume, humlazimisha mpandaji kurusha mguu kwa nyuma juu ya keria. Nyonga iliyokakamaa hailiwezi jambo hilo, na likifanyika huku mzigo umefungwa nyuma, mtu na baiskeli huenda chini pamoja. Ikiwa baiskeli bado haijanunuliwa, ichaguliwe yenye fremu iliyoshuka katikati, ambayo mguu huvushwa mbele ya kiti kwa kuinua goti kidogo tu. Wapo wazee wa kiume wanaoikataa kwa kuiona ni baiskeli ya kike, na vijana wao, kwa heshima, hunyamaza. Kwa maoni yangu heshima hiyo haifai hapa, maana mtu aliyevunjika nyonga akifikishwa hospitali hakuna atakayemuuliza alianguka kutoka kwenye fremu ya aina gani.

Kama fremu yenye bomba la juu ndiyo iliyopo, mzee aishike breki ya mbele na ya nyuma, ailaze baiskeli kidogo kuelekea kwake, ndipo avushe mguu. Ukingo wa baraza ni msaada mkubwa katika jambo hili: baiskeli ikisimama chini ya ukingo na mpandaji akasimama juu yake, ule urefu mdogo anaoupata unatosha kumwezesha kuvusha mguu bila kuruka. Kwa maegesho, stendi ya miguu miwili inayoinyanyua baiskeli wima ni bora kuliko ile ya mguu mmoja, ambayo katika mchanga huzama na kuiacha baiskeli ianguke.

Kuna jambo moja la kiufundi ambalo wauzaji hawalielezi, nalo limewatisha wazee wengi. Baiskeli za bei nafuu hutumia sensa (kifaa cha kuhisi) inayotambua tu kwamba pedeli inazunguka, bila kupima nguvu ya mguu. Kiwango cha msaada, yaani nguvu ambayo mtu ameichagulia mota imsukume nayo, kikiwa juu, pedeli ikizungushwa hata kwa bahati mbaya mtu akiwa bado anajipanga kitini, baiskeli huchomoka. Dawa yake ni kupanda msaada ukiwa sifuri, breki zikiwa zimeshikwa, kwa kuwa katika baiskeli nyingi kushika breki hukata umeme wa mota, na kuwasha kiwango cha kwanza baada ya baiskeli kuanza kutembea. Zile zenye sensa inayopima msukumo wa mguu huondoka kwa upole zaidi, zikimpa mtu kidogo anapokanyaga kidogo, na kama bei inaruhusu, hiyo ndiyo tofauti ambayo mzee ataihisi kila siku kuliko tofauti ya ukubwa wa mota.

Kushuka nako kuna utaratibu wake. Kwa kuwa tunaendesha upande wa kushoto, mtu hushukia kushoto, mbali na magari. Lakini pembeni mwa lami mara nyingi pana ngazi ya kushukia kwenye vumbi, na mguu unaotafuta ardhi ukakuta shimo huleta maanguko. Ni heri mzee aingie kabisa kwenye njia ya pembeni kwa mwendo wa taratibu, asimame mahali tambarare, kisha ashuke.

Kiti, goti na mifupa ya makalio

Urefu wa kiti hupimwa hivi. Mzee avae viatu atakavyoendeshea, akae kitini akiwa ameegemea ukuta au ameshikwa na mtu, kisha aweke kisigino juu ya pedeli iliyo chini kabisa. Mguu unapaswa kunyooka bila nyonga kuinamia upande huo. Akisogeza wayo ili sehemu yake pana, ile iliyo nyuma ya vidole, ikae juu ya pedeli, goti litakunjika kidogo, na mkunjo huo ndio unaotakiwa. Kiti kikiwa chini mno goti hukunjika kupita kiasi kila mzunguko na maumivu hutokea mbele, kuzunguka kifupa cha goti. Kikiwa juu mno mtu huyumbisha nyonga kufuata pedeli na maumivu hutokea nyuma ya goti au kiunoni. Anayejua maumivu yako upande gani tayari anajua kiti kielekee wapi.

Tatizo ni kwamba kiti kilichopimwa kwa namna hiyo humfanya mzee ashindwe kuweka miguu yote miwili chini anaposimama, naye, kwa haki kabisa, hukataa. Hapa lazima pawe na mapatano. Kianze chini kwa sentimita mbili au tatu ili vidole vya miguu viguse ardhi, na kadiri mazoea yanavyorudi kipandishwe kidogokidogo. Nilimtazama fundi mmoja wa Ng'ambo, hapahapa Tabora, akimfanyia hivyo mstaafu wa reli aliyelalamika kwamba magoti yake yamekwisha. Fundi alizungushia bomba la kiti utepe mweusi wa umeme mahali lilipoishia, akalegeza nati, akalivuta bomba mpaka utepe ukaonekana upana wa kidole juu ya fremu, akafunga, akamwambia mzee azunguke mwembe arudi. Mzee aliporudi hakusema kitu juu ya magoti. Aliuliza tu kama linaweza kupanda tena. Fundi alikataa, akamwambia aje wiki ijayo. Utepe huo una faida nyingine: kijana wa nyumbani akiazima baiskeli na kushusha kiti, mzee anajua mahali pa kukirudisha. Alama iliyochorwa kwenye bomba lenyewe kuonyesha mwisho wa kulivuta isipitwe kamwe, kwa sababu bomba lililobaki fupi ndani ya fremu hukatika au hupasua fremu.

Sasa kuhusu kiti chenyewe. Uzito wa mwili uliokaa wima hubebwa na mifupa miwili iliyo chini ya makalio, na kiti kizuri ni kile ambacho mifupa hiyo inakaa juu yake, wala si pembeni yake. Ili kujua upana unaohitajika, weka kipande cha boksi la karatasi ngumu juu ya benchi, mzee akalie kwa dakika chache huku ameinama kidogo, kisha pima umbali kati ya vitovu vya mabonyeo mawili yatakayobaki. Ongeza sentimita tatu au nne kwa anayeendesha akiwa wima, nawe umepata upana wa sehemu ya nyuma ya kiti. Mwanamke kwa kawaida huhitaji kiti kipana zaidi kuliko mwanamume, ingawa boksi ndilo la kuaminiwa.

Ulaini ni jambo linalowadanganya watu. Kiti laini sana hufurahisha dukani, lakini baada ya nusu saa mifupa huzama ndani ya sponji, na sponji iliyobaki katikati huinuka na kubana nyama na mishipa iliyo kati ya miguu, ndipo ganzi inapoanza. Kiti cha ugumu wa wastani chenye springi mbili nyuma, kama vile vya baiskeli za zamani, humfaa mzee anayekaa wima kuliko mto mnene. Panapokuwa na fedha ya ziada, bomba la kiti lenye springi ndani yake hupunguza mishindo ya barabara kwa kiasi kikubwa, hasa kwa mwenye matatizo ya pingili za mgongo.

Pua ya kiti iwe sawa na ardhi au ishuke kidogo sana. Pimamaji ya fundi mwashi ikilazwa juu ya kiti humaliza ubishi. Ikiinuka hubana sehemu za siri, ikishuka mno mtu huteleza mbele na kujizuia kwa mikono, na mikono hulipa deni la kiti. Ganzi katika sehemu hizo si jambo la kuvumilia. Mzee asimame, ashuke, na baiskeli irekebishwe kabla ya safari nyingine. Kwa wanaume wenye matatizo ya tezi dume, kiti chenye mfereji katikati kinafaa zaidi, na anayekwenda kupimwa damu kwa ajili ya tezi hiyo amweleze daktari kwamba anaendesha baiskeli.

Usukani

Baiskeli nyingi za umeme zinazoletwa huku zimeundwa kwa mfano wa baiskeli za milimani, zenye usukani ulionyooka na ulio chini, ambao humwinamisha mtu mbele na kuweka sehemu ya uzito wake juu ya viganja. Kijana anaufurahia mkao huo. Mzee mwenye shingo ngumu hulazimika kuinua kichwa muda wote ili aone mbele, na ndiyo maana maumivu ya shingo na ya mabega huja hata kama kiti ni kizuri.

Usukani uinuliwe mpaka vishikio viwe juu ya usawa wa kiti, na kama inawezekana ubadilishwe kwa ule uliopinda kurudi nyuma, ambao mafundi wetu wanaujua vizuri kutokana na baiskeli za zamani. Mtu akiushika, viwiko viwe vimekunjika kidogo na mabega yameshuka. Katika baiskeli yenye shina la usukani linaloingia ndani ya fremu, fundi hulegeza bolti ya juu, huigonga kwa nyundo akiwa ameweka kipande cha mbao katikati, kisha huvuta shina bila kupita alama yake ya mwisho. Zile zenye shina la kubana kwa nje huhitaji kipande cha kuongezea urefu, ambacho hupatikana kwa kuagiza.

Kuna hatari moja ambayo fundi aliyezoea baiskeli za kawaida anaweza kuisahau. Usukani ukiinuliwa, nyaya za breki na za mota huvutika. Baada ya kuinua, geuza usukani mpaka mwisho kulia, kisha mpaka mwisho kushoto, huku gurudumu la nyuma limeinuliwa na mota imewashwa kwa kiwango cha chini kabisa. Waya ukikaza, au mota ikikatika usukani unapogeuka, basi nyaya ni fupi na lazima zibadilishwe au usukani urudishwe chini. Waya uliovutwa kwa nguvu hukatikia ndani ya mpira wake, mahali pasipoonekana.

Ganzi ya vidole ina lugha yake. Ikishika kidole kidogo na cha pete, mshipa unaopita upande wa nje wa kiganja unabanwa na kishikio. Ikishika kidole gumba, cha shahada na cha kati, kifundo cha mkono kimepindishwa mno. Katika hali ya kwanza vishikio vipana vyenye bapa la kupumzishia kiganja husaidia, katika ya pili mikono ya breki ishushwe au ipandishwe mpaka mstari kutoka kiwiko hadi vidole uwe umenyooka. Anayetumia kishikio cha kuzungusha kama cha pikipiki muda wote naye huumia kifundo; akitumie kwa kuondokea tu, kisha akanyage.

Upepo wa tairi na mchanga wetu

Kama ningeruhusiwa kubadilisha kitu kimoja tu katika baiskeli ya mzee wa Tabora, kingekuwa upepo wa matairi. Mafundi wetu wamezoea kujaza tairi mpaka ligongwe kwa ukucha lilie, kwa sababu matairi ya zamani yalikuwa membamba, keria ilibeba magunia, na tairi lisilo na upepo wa kutosha lilikata tyubu. Baiskeli ya umeme yenye matairi ya inchi mbili au zaidi, iliyobeba mtu mmoja wa kilo sitini, haina haja hiyo. Ubavuni mwa tairi pameandikwa kiwango cha chini na cha juu; anza karibu na kiwango cha chini, kwa mfano PSI (kipimo cha shinikizo la upepo) 35 nyuma na 30 mbele kwa tairi la inchi mbili ikiwa maandishi yake yanaruhusu, na ongeza kama mnabeba mzigo. Tofauti husikika mara moja kwenye makorongo madogo ya barabara ya vumbi, yale yaliyopangana kama migongo ya bati. Pampu yenye kipimo cha upepo ni bei ndogo ukilinganisha na dawa za mgongo.

Mchanga ni habari nyingine. Anayetoka kwenye lami ya kwenda Sikonge au Urambo na kuingia njia ya kijijini hukutana na mchanga wenye kina ambao ndani yake gurudumu la mbele hujichagulia njia, na mota ikisukuma kwa nguvu kutoka nyuma wakati gurudumu la mbele limezama, usukani hugeuka wenyewe. Kabla ya kuingia, punguza msaada, weka gia nyepesi, tazama mbali badala ya kutazama gurudumu, usiguse breki ya mbele. Mchanga ukiwa na kina zaidi, shuka. Baiskeli nyingi zina kitufe cha kutembeza, ambacho kikibonyezwa na kushikiliwa huisukuma kwa mwendo wa mtu atembeaye kwa miguu, usiozidi kilomita 6 kwa saa, nayo ni huduma ambayo mzee anapaswa kufundishwa siku ya kwanza, kwa sababu kusukuma kilo 25 mchangani kwa mikono ndiko kunakomfanya aapie kutoipanda tena.

Walioko Kigoma wana shida tofauti: huko barabara hupanda kutoka ziwani na kushuka tena, kwa hiyo breki zenye nguvu na mota iliyo kwenye pedeli, inayotumia gia za baiskeli, vina thamani kuliko matairi mapana.

Nguvu ya mota, mwendo na breki

Nchi za Umoja wa Ulaya zimeweka mpaka kwamba mota ya baiskeli ya kawaida ya umeme isizidi wati 250 na iache kusaidia ikifika kilomita 25 kwa saa. Kwa ardhi tambarare kama yetu nguvu hiyo inamtosha mzee na kubaki, na mota ya wati 750 anayoisifia muuzaji itamwongezea uzito na wasiwasi tu. Azoee kuendesha kwa kiwango cha kwanza au cha pili, na atumie gia ili miguu izunguke kwa wepesi, karibu mizunguko 60 kwa dakika, badala ya kukandamiza pedeli nzito taratibu. Kukandamiza ndiko kunakochosha magoti. Kabla ya kusimama arudishe gia nyepesi, ili kuondoka kusiwe kwa kulazimisha.

Breki zihakikishwe ziko upande gani. Katika baiskeli tulizozoea, mkono wa kulia hushika breki ya mbele. Zilizotengenezwa kwa ajili ya nchi zinazoendesha upande wa kulia mara nyingi zina breki ya mbele kushoto. Mzee mwenye mazoea ya miaka hamsini hatafikiri wakati mbuzi anavuka barabara, atabana mkono uleule wa siku zote. Inua gurudumu la mbele, lizungushe, shika breki ya kulia uone kama linasimama. Kama siyo hilo, fundi abadilishane nyaya. Mikono ya breki ina skrubu ndogo ya kuisogeza karibu na usukani, inayomfaa mwenye vidole vifupi au vyenye baridi yabisi. Na kwa kuwa shingo haigeuki tena kama zamani, kioo kifungwe upande wa kulia, ambako magari na bodaboda hupitia.

Mavazi, mzigo na joto

Kanzu, baibui na vitenge huingia kwenye cheni na spoku, na mota haijui kwamba imeshika nguo. Kifuniko kamili cha cheni na wavu wa pembeni mwa gurudumu la nyuma ni vya lazima kwa bibi anayevaa vitenge. Kandambili huteleza juu ya pedeli za plastiki. Makubazi yenye kamba ya nyuma au raba za kawaida, pamoja na pedeli pana zenye meno mafupi, hukaza wayo bila kuufunga. Wenye kisukari, ambao nyayo zao huenda hazisikii vizuri, wavae viatu vilivyofunika mguu wote na wakague nyayo wakirudi. Kofia ngumu ivaliwe hata kwa safari ya kwenda sokoni.

Dumu la maji la lita ishirini ni kilo ishirini. Likifungwa juu ya keria ya baiskeli ambayo betri yake nayo iko kwenye keria, uzito wote uko juu na nyuma, na mzee hawezi kuishika inapoanza kulala. Madumu madogo mawili yanayoning'inia pande zote mbili, chini iwezekanavyo, hubebeka vizuri zaidi, na betri iliyo katikati ya fremu ni bora kuliko ya keria.

Betri ya volti 36 na ampea-saa 10 ina wati-saa 360, ambazo kuzijaza hakumalizi nusu ya uniti ya LUKU, kwa hiyo gharama isimfanye mtu aondoke na betri iliyojaa nusu. Mchanga na upepo wa kukabili huimaliza haraka. Anayekwenda Kwihara, nje ya mji, au mbali zaidi ageuze kurudi kabla hajatumia nusu. Mwezi wa Oktoba, kabla ya mvua za Novemba, jua la Tabora ni kali kwa mtu na kwa betri pia: safari zifanyike asubuhi au baada ya alasiri, baiskeli iegeshwe kivulini, na betri iliyotoka juani iachwe ipoe kabla ya kuchajiwa, kwa chaja yake yenyewe, si chumbani mnamolalwa wala mlangoni. Inapobidi kuinyanyua baiskeli kuvuka ngazi, toa betri kwanza. Ni kilo mbili hadi nne zinazopungua bila jasho.

Hali ya mwili

Shirika la Afya Duniani linapendekeza watu wazima, wakiwemo waliozidi miaka 65, wapate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na baiskeli ya umeme inayokanyagwa huhesabika. Kipimo rahisi ni mazungumzo: anayeendesha aweze kuongea sentensi nzima bila kukatika pumzi, akishindwa, aongeze msaada. Wanaotumia dawa za shinikizo la damu zinazoleta kizunguzungu wanapoinuka, dawa za kuzuia damu kuganda, au waliowekewa kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo wamwone daktari kwanza. Mwenye mtoto wa jicho asiendeshe jioni.

Ikiwa shida ni mizani ya mwili yenyewe, na mzee huyumba hata akitembea, usimlazimishie magurudumu mawili. Ipo baiskeli ya umeme ya magurudumu matatu, yenye kapu kubwa nyuma, ambayo husimama yenyewe na kumruhusu kupumzika akiwa amekaa. Ina adabu yake: haiinami kwenye kona, kwa hiyo mwendo hupunguzwa kabla ya kugeuka na mwili huegemezwa upande wa ndani, na barabara iliyoinamia pembeni huivuta kuelekea mtaroni, jambo linalotisha mwanzoni. Ajifunze uwanjani, mahali pasipo na magari, akizunguka kulia na kushoto mpaka mikono izoee. Matairi ya nyuma hupita nje ya njia ya tairi la mbele, na aliyezoea baiskeli ya kawaida hugonga nguzo kwa kuisahau nafasi hiyo. Kabla ya kulipia, pima upana wa geti na wa mlango wa mahali itakapolala.